UZI: Rejeta ndogo ya gia otomatiki kwenye baridi ya -20 kushuka chini: iachwe, izibwe au iwekewe themostati?

#1 Pathi_V6 (Minneapolis)

Wakuu, salaam. Wenye magari ya otomatiki mlioko kwenye baridi kali, naomba tulichambue hili, maana nyuzi nyingi za Kiswahili zinazungumzia gia kuchemka tu. Huku kwetu shida ni kinyume chake.

Gari: Nissan Pathfinder 2008, V6 ya lita 4.0, giaboksi RE5R05A ya gia tano.

Mpangilio: mafuta ya gia hayapiti tena kwenye rejeta kubwa. Yanatoka giaboksi, yanapita rejeta ndogo ya nyongeza iliyofungwa mbele ya kondensa ya AC, yanarudi. Sababu wengi mnaijua: Pathfinder, Xterra na Frontier za 2005 hadi 2010 zina ugonjwa wa ile koili ya kupozea mafuta ya gia iliyo ndani ya rejeta kubwa kupasuka, kulanti (maji ya kupoza injini) na mafuta ya gia vinachanganyika vinakuwa rangi ya maziwa ya stroberi, na giaboksi inakufa. Rejeta ndogo iliyopo ni ile ya bei rahisi ya paipu na mapezi.

Nje asubuhi: -24°C.

Skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari): mjini baada ya nusu saa mafuta yako 40 hadi 45°C. Ukiingia barabara kuu kwa kilomita 105 kwa saa, badala ya kupanda yanashuka hadi 28.

Dalili: asubuhi D inachukua sekunde mbili tatu kushika, kutoka ya kwanza kwenda ya pili inachelewa, na barabara kuu mizunguko ya injini iko juu kwa kama 300 kuliko kiangazi kwa mwendo uleule.

Maswali: 28°C ina madhara? Nirudishe mafuta kwenye rejeta kubwa? Na hizi rejeta ndogo za sahani zinazosemwa zina baipasi ndani, zinatatua?

#2 otieno_wa_lowell

Boss, weka katoni mbele ya hiyo rejeta ndogo, maisha yaendelee.

#3 FundiGiaboksi (Edmonton)

Mkuu Pathi, vipimo vyako vinatosha kuanzia. Giaboksi nyingi za aina hii zinapenda mafuta yakiwa kati ya 75 na 95°C. Kwa 28 gari linakwenda na halitavunjika kesho, ila kuna gharama unalipa kimyakimya.

Anza na lokapu. Ndani ya toki konveta (kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kupitia mafuta) kuna klachi inayounganisha injini na giaboksi moja kwa moja ili kusiwe na kuteleza. Kompyuta huizuia klachi hiyo isishike, na mara nyingi inazuia na gia ya juu kabisa, mpaka mafuta yafike joto lililopangwa. Inafanya makusudi: konveta isiyofungwa inateleza, kuteleza kunazalisha joto, joto linapasha mafuta. Kwenye gari lako kompyuta inapasha na rejeta ndogo inatupa nje. Mizunguko 300 ya ziada uliyoiona ndiyo hiyo, na inakunywa petroli.

Ndiyo maana pia joto linashuka barabara kuu. Mwendo ukiwa mmoja, mzigo mdogo, giaboksi haizalishi joto la maana, huku upepo wa -24 unapiga kwenye mapezi moja kwa moja. Mjini kila taa nyekundu ni konveta inakoroga mafuta na upepo haupo. Watu wengi wanadhani ni kinyume.

Halafu unyevu. Giaboksi ina tundu la kupumulia. Ikipoa usiku inavuta hewa na maji yanajikusanya ndani kidogo kidogo. Mafuta yakifika 80 mara kwa mara maji yanatoka kwa mvuke. Yakibaki 30 msimu mzima wa safari fupi, maji yanabaki, na karatasi za klachi haziyavumilii: gundi inaachia, gari linaanza kutetemeka lokapu inaposhika.

Sasa kubwa zaidi ya hayo. Katika giaboksi nyingi mafuta yanayorudi kutoka kwenye kupozwa ndiyo yanayokwenda kulainisha bushi na gia za planetari. Rejeta ya paipu na mapezi ni paipu moja ndefu iliyokunjwakunjwa. Mafuta yaliyolala humo usiku kwenye -30 yanakuwa mazito kiasi kwamba pampu inayasukuma kwa shida, na kwa dakika za kwanza yale yanayorudi kulainisha ni kidogo mno. Kwa kulinganisha, kiwango cha mafuta ya gia cha DEXRON-VI kinaruhusu mnato (uzito wa mafuta, hupimwa kwa cP au cSt) hadi 15,000 cP kwenye -40°C, na DEXRON-III ya zamani 20,000, ilhali yakipata moto wa 100°C mafuta hayo ni mepesi, kama 6 cSt tu. (Natoa mfano wa mnato, usiyamimine kwenye Nissan. Giaboksi yako inataka Matic S, iliyochukua nafasi ya Matic J.)

Kwa hiyo 28 yako hainitishi sana. Kinachonitisha ni aina ya rejeta ndogo uliyonayo.

Pima mtiririko kabla hujanunua chochote. Fungua mpira unaorudisha mafuta giaboksi, uelekeze kwenye chupa yenye alama za ujazo, mtu awashe injini isikanyagwe mafuta. Mafuta yakiwa na joto la kazi, kanuni ya mafundi ni karibu lita moja kwa sekunde 20. Ikifika lita moja zima hapohapo, sampu (beseni la mafuta chini ya giaboksi) isije ikakauka. Yakiwa ya baridi mtiririko utakuwa mdogo kwa asili yake, kwa hiyo pima vyote viwili uone tofauti. Kama hata ya moto inatoa nusu lita kwa sekunde 20, kuna kizuizi na hilo halihusiani na msimu.

#4 Rehema_ATF (Winnipeg)

Naongezea kwenye swali la baipasi, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapotea.

Baipasi ya ndani ya rejeta za sahani, mfano Tru-Cool zenye alama ya LPD, inafanya kazi kwa mnato na shinikizo. Mafuta mazito yakikataa kupita kwenye sahani nyembamba yanachukua njia ya mkato kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea. Yakishalainika kidogo, hata kabla hayajafika joto la kazi, yanaanza kupita kwenye sahani na kupozwa. Maana yake inalinda mtiririko. Joto haiulizi. Ukitoa ya paipu ukaweka ya sahani, asubuhi D itashika vizuri zaidi na ulainishaji utapona, lakini barabara kuu skana bado itakuonyesha namba ndogo, pengine ndogo kuliko sasa kwa sababu ya sahani inapoza vizuri zaidi kwa ukubwa uleule.

Themostati ni kitu kingine. Ni kipande cha alumini chenye milango minne na kidonge cha nta ndani. Nta ikiwa baridi, mafuta yanayotoka giaboksi yanarudishwa giaboksi bila kwenda mbele. Nta ikipata moto inatanuka, inafunga mkato, mafuta yanalazimika kwenda kwenye rejeta ndogo. Zilizopo sokoni nyingi zinafunguka kati ya 70 na 85°C. Huko Marekani mtaikuta imeandikwa 180°F, ambayo ni 82°C. Nzuri zinaruhusu kiasi kidogo, kama asilimia 10, kipite mbele wakati wote, ili rejeta ndogo isikae na mafuta yaliyoganda halafu yakaingia kwa kishindo.

Kwa hiyo jibu la maswali yako, mkuu: rejeta ya sahani yenye baipasi PAMOJA na themostati. Kimoja peke yake kinaacha nusu ya tatizo.

#5 Mzee_Kobe (Ottawa)

Vijana, hamjagusa mpangilio. Wanaotumia rejeta zote mbili, kubwa na ndogo, kwenye nchi ya baridi inatakiwa mafuta yaanze rejeta ndogo halafu yamalizie rejeta kubwa. Kulanti ndiyo inayosema neno la mwisho: kama mafuta yamepoa mno, maji ya rejeta yanayapasha kabla hayajarudi. Wauzaji wanaandika rejeta kubwa kwanza, ndogo mwisho, kwa sababu wanawaza mtu anayevuta trela Arizona mwezi wa saba.

Na huyu Pathi hana haja ya kuruka rejeta kubwa. Aweke rejeta mpya, ugonjwa wa zile za mwanzo umekwisha.

#6 FundiGiaboksi (Edmonton)

Shikamoo mzee. La rejeta mpya nakubaliana nawe kabisa: koili ya zamani ndiyo ya kuogopa, na rejeta mpya ni nafuu kuliko giaboksi.

La mpangilio nakupinga kidogo, kwa heshima. Koili ya gia inakaa upande wa rejeta ambao maji yanatokea, yaani upande uliokwisha kupozwa. Kwenye -25 themostati ya injini inafunguka kwa kipande tu, maji yanapita kidogokidogo na yanapozwa barabara. Chukua kipimajoto cha infraredi, pima tanki la kuingilia na la kutokea gari likishatembea nusu saa. La kuingilia utakuta 80 na kitu. La kutokea mara nyingi unaweza kuweka kiganja ukakiacha. Maji ya uvuguvugu hayapashi mafuta hadi 80. Yanayazuia tu yasishuke sana, na hilo lina faida, ila watu wanalitukuza kupita kiasi.

Pia ukianza na rejeta ndogo, mafuta ya moto kabisa yanakutana na hewa baridi kabisa, tofauti ya joto ni kubwa, unapoteza joto jingi zaidi kuliko ungeanza na maji. Yenye themostati haina ubishi huu: giaboksi, rejeta kubwa, themostati, rejeta ndogo, themostati, giaboksi. Mafuta yakiwa baridi yanapita rejeta kubwa tu na ndogo inarukwa. Yakichemka zinafanya kazi zote mbili.

NB kuhusu infraredi: usielekeze kwenye chuma au alumini inayong'aa, inadanganya vibaya. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, pima juu ya tepu.

#7 Mzee_Kobe (Ottawa)

Marahaba. Basi kwa asiye na themostati mpangilio wangu unabaki. Kwa mwenye nayo, sawa, nimekubali.

#8 msukuma_theluji (Duluth)

Msije mkamshauri mtu aondoe rejeta ndogo kwa sababu ni baridi. Gari lenye jembe la theluji mbele, au lililonasa likabembelezwa R, D, R, D, linapika mafuta hata nje kukiwa -20. Magurudumu hayaendi, konveta inateleza asilimia mia, upepo haupo, na jembe lenyewe linaziba shoo ya mbele. Mafuta yanayotoka kwenye konveta yanaweza kuvuka 120°C wakati sensa ya kwenye sampu bado inaonyesha 70. Kwa kazi hiyo hata rejeta ndogo haitoshi bila feni yake yenyewe.

Sheria ya kunasa: sukuma sekunde chache, tulia kwenye N injini ikiwa imewashwa ili mafuta yazunguke, chimba kwa koleo, jaribu tena. Dakika kumi za R na D mfululizo ni mbaya kuliko msimu mzima wa 28°C.

#9 otieno_wa_lowell

Hamjajibu katoni yangu lakini 😀

#10 Rehema_ATF (Winnipeg)

Kaka Otieno, katoni wazo zuri, karatasi mbaya. Inalowa, inalegea, kipande kinavutwa kwenye kondensa au kwenye feni. Tumia plastiki ile yenye mifereji ya mabango ya uchaguzi, kata saizi ya rejeta ndogo TU, ifunge kwa vibano vya plastiki vinne. Usizibe shoo nzima kwenye gari dogo. La dizeli kubwa ni habari nyingine, yale yana vifuniko vyake maalumu.

Anza kwa kuziba robo tatu, angalia skana. Lengo ni mafuta yakae juu ya 60 barabara kuu. Yakivuka 95 wakati wowote, toa. Kabla ya kuvuta trela, toa. Nje ikipanda juu ya 0°C, toa. Kasoro ya kifuniko ni hiyohiyo, kinamtegemea mtu akumbuke, na mwezi wa tatu huku asubuhi ni -15 na mchana ni +8.

Na kifuniko hakisaidii mtiririko asubuhi. Mafuta yaliyolala kwenye paipu ni baridi vilevile, kifuniko kiwepo kisiwepo.

#11 Kilimo_Arusha

Wakuu, huku Arusha nina Noah ya Japani na fundi ameniambia mafuta ya gia yasipite rejeta kubwa, aweke rejeta ndogo peke yake. Nahitaji hiyo themostati?

#12 FundiGiaboksi (Edmonton)

Hapana mkuu. Asubuhi ya baridi kabisa Arusha bado ni joto kwa mafuta ya gia. Swali lako ni kinyume: rejeta ndogo iwe kubwa ya kutosha kupanda milima na mzigo. Ila angalia kwanza kama Noah yako ina kile kipande cha alumini kwenye giaboksi chenye mipira miwili ya maji. Toyota na Nissan nyingi za Japani, hasa zenye CVT (giaboksi isiyo na hatua za gia), zinapasha na kupoza mafuta kwa maji hapohapo kwenye giaboksi. Kama kipo na hakivuji, usiguse kitu, na mwulize fundi anatibu ugonjwa gani.

#13 Pathi_V6 (Minneapolis)

Nashukuru sana wakuu, na dada Rehema. Nimepima mtiririko: mafuta yakiwa 45°C inatoa kama lita 0.7 kwa sekunde 20. Nachukua njia ya sahani + themostati, rejeta kubwa niirudishe baadaye ikiwa mpya. Naomba orodha ya vifaa na mtego uko wapi kwenye kufunga.

#14 Rehema_ATF (Winnipeg)

0.7 kwenye 45°C si mbaya, pampu yako nzima. Endelea.

Vifaa:
- Rejeta ndogo ya sahani yenye baipasi, ukubwa wa karatasi ya A4 unatosha kwa Pathfinder isiyovuta trela nzito. Kwenye baridi kubwa zaidi si bora zaidi.
- Themostati ya milango minne, 80°C hivi.
- Mpira wa mafuta ya gia wa inchi 3/8, mita 3, ulioandikwa SAE J1532. Soma maandishi ubavuni. Wa petroli na wa hita visiingie hapa, vinakauka na kupasuka kwenye baridi, au vinavimba kwa mafuta.
- Klipu 8. Milango minne ya themostati, miwili ya rejeta ndogo, miwili ya paipu za giaboksi.
- Vipande vya alumini bapa vya kutengeneza braketi, boliti za M6, raba za kuzuia mtetemo.
- Matic S, lita 5 au 6. Kazi yenyewe inameza kidogo, nyingine ni ya kumwaga na kujaza kwa kuwa umeshafungua.

Kufunga. Kwanza jua paipu ipi inatoka na ipi inarudi. Usikisie kwa kuangalia iko kushoto au kulia. Washa gari toka baridi, weka D kwa breki dakika mbili tatu, shika paipu zote mbili: inayopata moto kwanza ndiyo inayotoka. Fanya hivi kabla hujafungua chochote.

Themostati ifunge karibu na giaboksi, nyuma ya rejeta, mahali upepo wa mbele haufiki. Ikifungwa kwenye bampa, hewa ya -24 inaipoza yenyewe, nta haipati joto halisi la mafuta, inachelewa kufunguka wakati unaihitaji. Fuata mishale yake. Rejeta ndogo nyingi hazijali mwelekeo, themostati inajali. Ukigeuza, nta inasoma mafuta yanayorudi yakiwa yamepoa na haitafunguka vizuri kamwe.

Ijaribu kabla ya kuifunga. Itumbukize kwenye sufuria ya maji na kipimajoto cha jikoni, pasha taratibu, ukipuliza kwenye mlango utasikia njia inabadilika. Isiyobadilika hadi 95 irudishe dukani.

Rejeta ndogo iwe mbele ya kondensa, ikiacha nafasi kama sentimita 1, milango ikitazama juu au ubavuni. Ikitazama chini inanasa hewa. Zile fimbo za plastiki zinazochomekwa kati ya mapezi ya kondensa zitupe. Kwenye baridi zinakuwa ngumu kama kioo, zinasugua, na siku moja zinatoboa kondensa au rejeta yenyewe. Tengeneza braketi.

#15 Mzee_Kobe (Ottawa)

Naongeza juu ya mipira na klipu, hapo ndipo magari ya baridi yanapovujia mafuta.

Mpira ukipoa unanywea na unakuwa mgumu. Klipu ya skrubu iliyokazwa kiangazi inakuwa imelegea usiku wa -30, halafu asubuhi pampu inasukuma mafuta mazito kwa shinikizo kubwa kuliko kawaida. Ndiyo maana uvujaji mwingi unaonekana dakika tano za kwanza, halafu gari likipata moto unakoma na fundi haoni kitu. Klipu za springi zinazojikaza zenyewe ni bora kwa kazi hii. Ukitumia za skrubu, chagua zenye ukanda laini usio na matundu, kaza kwa bisibisi ya mkono, rudia baada ya safari ya kwanza na tena baada ya usiku wa kwanza wa baridi kali. Ukikaza kwa mashine ukanda unakata mpira.

Paipu ya chuma ukiikata, mdomo wake lazima uwe na ukingo uliovimba kidogo wa kuzuia mpira usichomoke. Kuna kifaa kidogo cha kutengeneza ukingo huo. Paipu laini iliyokatwa tu na kubanwa klipu itachomoka, na giaboksi inamwaga mafuta yake barabarani kwa dakika chache.

Halafu chumvi ya barabarani. Kloridi ya kalsiamu na ya magnesi zinakaa na unyevu hata kukauka kwenyewe ni shida, zinakula mapezi ya alumini na paipu za chuma, hasa chini ya vile vishikio vya plastiki ambapo hakuna anayeangalia. Osha mbele na chini kwa maji ya shinikizo dogo kila siku inapopanda juu ya 0. Usielekeze bomba karibu na mapezi, yanapinda. Paipu ikishakuwa na magamba ya kutu usiibembeleze, weka ya nikeli na shaba. Inapindika kwa mkono na haioti kutu.

#16 otieno_wa_lowell

Na wale wanaochomeka gari kwenye umeme usiku? Hiyo inapasha gia pia?

#17 FundiGiaboksi (Edmonton)

Hita ya injini inapasha injini tu. Kulanti ikiwa na uvuguvugu, rejeta bado baridi, giaboksi bado baridi. Ya giaboksi ni mkeka wa silikoni unaobandikwa chini ya sampu, wati 100 hadi 250, wa umeme wa volti 120 huku kwetu. Kwa sampu ya chuma tu! Magari mengi ya Ulaya yenye giaboksi za ZF yana sampu ya plastiki, mkeka huo unaiharibu.

Sampu isuguliwe hadi chuma cheupe, ifutwe kwa kisafishia breki, mkeka ubandikwe mbali na tapu ya kumwagia na mbali na mshono wa gasketi, ukingo wote uzungushiwe silikoni. Bandika mahali pa joto, subiri siku nzima kabla ya kuchomeka. Saa mbili tatu kabla ya safari zinatosha, weka saa ya kuwasha yenyewe. Wati 150 hazitafikisha mafuta 80. Zinayatoa kwenye -25 hadi karibu na sifuri au juu kidogo, na hapo ndipo tofauti ya mnato ilipo kubwa. Ile D ya sekunde tatu itaisha.

Asiye na mkeka: washa, subiri dakika moja au mbili, endesha taratibu bila kuvuka mizunguko 2,500 kwa kilomita chache za kwanza. Kuunguruma nusu saa kwenye P hakupashi giaboksi kwa maana yoyote. Na giaboksi za zamani za Chrysler, mfano 47RE ya Ram, zikiwa P hazipeleki mafuta kwenye konveta wala kwenye kupozwa. Hizo zinapashwa kwenye N, breki ya mkono imevutwa.

#18 Pathi_V6 (Minneapolis)

La mwisho: kipimo cha mafuta baada ya kufunga. Kwenye baridi hii nitajuaje kiasi sahihi?

#19 Rehema_ATF (Winnipeg)

Hapa wengi wanakosea hata baada ya kufunga vizuri. Mpira wa inchi 3/8 unabeba kama mililita 70 kwa mita. Mita 3 ni zaidi ya 200 kidogo, rejeta ndogo nayo 300 hivi. Jumla nusu lita, ukitoa ile iliyokuwa kwenye rejeta ya zamani.

Mtego: themostati ikiwa bado haijafunguka, rejeta ndogo inaweza kuwa karibu tupu. Ukipima hapo kijiti cha kupimia mafuta kitasema mafuta yametosha. Siku mafuta yatakapofika 82 themostati inafunguka, rejeta inajaa, sampu inashuka, na unaanza kutafuta uvujaji usiokuwepo.

Kwa hiyo jaza rejeta ndogo kwa faneli kabla ya kufunga mipira. Kisha ongeza kidogo kidogo, washa, pitisha gia zote P hadi D ukitulia sekunde tatu kila moja. Ziba rejeta ndogo kwa plastiki, endesha mpaka skana ionyeshe juu ya 82 na paipu inayokwenda mbele ipate moto. Hapo themostati imefunguka. Acha lipoe hadi 65, na kwenye 65°C, gari likiwa mahali tambarare, injini inaunguruma kwenye P, soma upande wa HOT wa kijiti. Kijiti cha Pathfinder kimefungwa kwa boliti ya 10, mafundi wengi wanadhani hakipo. Upande wa COLD, wa 30 hadi 50°C, ni wa kukadiria tu.

Tundu la kijiti lifutwe kabla ya kukichomoa. Theluji yenye chumvi ikidondoka humo, inakwenda moja kwa moja kwenye sampu.

#20 Pathi_V6 (Minneapolis)

Nimeelewa. Nitoe plastiki baada ya kupima au niiache?

#21 Rehema_ATF (Winnipeg)

Toa. Themostati ikiwa inafanya kazi, barabara kuu kwenye -24 skana inatakiwa ikae 70 kwenda juu bila kifuniko chochote. Ikibaki 40, kidonge kimekwama wazi. Ikipanda bila kusimama ukiwa na mzigo, kimekwama kimefungwa au umegeuza mipira: simama, acha injini ikiunguruma kwenye N, na usiendelee na safari mpaka umeunganisha mipira iruke themostati.